Nafasi Niliyoiacha Tupu

Aliyekosa safu yangu katika gazeti la wiki iliyopita asihangaike kuitafuta. Aibu yangu ni fupi kuisimulia, kuibeba ndiyo kazi.

Mimi ndiye niliyemlea mdogo wangu wa kike, kitindamimba wa nyumba yetu, ambaye tunamwita Kitinda mpaka leo ingawa ana miaka ishirini na saba na anavaa viatu vya ngozi. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwingiza katika kampuni yetu ya kutengeneza kompyuta. Nilimwonyesha choo kilipo, nikamwonyesha mashine ya chai inayounguza vidole, nikamfundisha kuandika programu mstari kwa mstari.

Kisha kampuni ikatangaza kwamba inaachana na chipu tuliyoitumia tangu tuanze. Tunahama. Tunakwenda kwenye chipu yetu wenyewe, ya ukoo mwingine kabisa.

Na kuongoza uhamaji huo wakamteua Kitinda.

Mimi wakaniacha na programu za zamani, katika chumba cha mwisho cha korido ya chini, chenye dirisha linaloangalia matangi ya maji. Watu wa ghorofa ya juu wakakibatiza chumba chetu jina la Makumbusho.

Wiki iliyopita mliniacha jikoni kwangu Jumatatu asubuhi, mume wangu yuko bafuni, simu yake mkononi mwangu, na kwenye simu ujumbe wa Kitinda: "Shem, tafadhali dada asijue mpaka Jumatano."

Basi.

Niliirudisha simu mezani kama nilivyoikuta, uso chini. Mume wangu akatoka na taulo begani, anapiga mluzi.

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Ndivyo uso wangu ulivyo."

"Wa jana ulikuwa mwingine."

"Wa jana niliuazima."

Akacheka. Mume wangu anafanya kazi katika maabara ya hospitali, kwenye sehemu ya damu, na watu wanaoshinda na damu hucheka kirahisi.

"Jumatano kuna nini?" nikamuuliza.

Kijiko kikasimama kwenye kikombe chake. Kidogo tu. Mtu mwingine asingeona.

"Jumatano? Ni kesho ya Jumanne."

Lugha yetu imenijalia maneno mengi ya ugonjwa wangu. Ina wivu, ina kijicho, ina husuda, ina ngoa. Asubuhi ile nilikuwa navyo vyote kwa pamoja, kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba nzima. Kazi yangu kaichukua. Sasa na mume.

*

Nieleze kidogo mambo ya kazini, maana bila hayo hamtanihukumu vizuri.

Chipu ni ubongo wa kompyuta, na kila ukoo wa chipu una lugha yake. Programu zote tulizowauzia wateja kwa miaka tisa zinazungumza lugha ya chipu ya zamani. Ukizipeleka kwenye chipu mpya ni sawa na kulisomea jiwe barua. Kwa hiyo Kitinda na watu wake walitengeneza mkalimani: programu inayokaa katikati, inasikia lugha ya zamani na kuitafsiri papo hapo.

Lakini kuhama lugha ni kuhama na tabia. Wafikirie makarani wawili katika ofisi moja. Wa kwanza anaandika kwenye daftari, akimaliza anagonga kengele. Wa pili akisikia kengele anasoma daftari na kuchapa lebo. Kwa chipu ya zamani, kengele haikusikika hata siku moja kabla ya wino kugusa karatasi. Ilikuwa chipu ya adabu. Hii mpya ina mbio, na mwenye mbio hana foleni. Mara chache, pale kazi inapozidi, kengele inatangulia. Karani wa pili anafungua daftari, anakuta maneno ya mtu aliyepita, anayachapa hayohayo.

Dawa ipo. Mkalimani anaweka kizuizi, yaani amri ya kuisimamisha chipu mpaka wino ufike. Ila kila kizuizi kinapunguza mwendo, na wakubwa walitaka mwendo. Ndipo ikatolewa fomu: kila mwenye programu ya zamani aandike mbele ya jina la programu yake kama inahitaji vizuizi au haihitaji.

Na desturi ya kampuni yetu, tangu enzi za mwasisi, ni kwamba nafasi iliyoachwa tupu kwenye fomu yoyote inasomwa "hapana". Sababu haijulikani. Nadhani mwasisi alikuwa mvivu wa kuandika.

Programu yangu inaitwa Ghala. Ndiyo inayotunza kumbukumbu katika kila kompyuta tuliyouza, na kwa ajili yake naitwa Mama Ghala. Ghala haiwezi kuishi bila utaratibu ule wa kengele na wino. Nami sikuwahi kuliandika hilo mahali popote, kwa sababu wakati ule hakukuwa na chipu nyingine. Nani anaandika kwenye barua kwamba anategemea jua litoke mashariki?

Kwa hiyo aliyejua ni mmoja, na mmoja huyo alikuwa na nyongo mpaka kooni.

*

Jumatatu hiyohiyo, saa nne, Kitinda akashuka kwetu.

"Hodi Makumbusho."

"Karibu, kiingilio mlangoni," alijibu Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Huyu ana miwani mizito kama vitako vya chupa na hajawahi kukosa neno. "Watalii tunawaomba wasiguse mafuvu."

Kitinda akacheka, akaja mpaka kwangu. "Dada, imebaki fomu yako tu."

"Umeileta mwenyewe? Mabosi siku hizi hawana wa kuwatuma?"

"Nimekuja kwa dada yangu."

"Dada yako yuko nyumbani. Hapa yuko Mama Ghala."

Akavuta kiti, akakaa karibu. Ananukia sabuni ileile tuliyooga nayo utotoni, na hilo lilinichukiza zaidi kuliko manukato yoyote. Akainama sikioni kwangu.

"Jumatano vaa lile gauni lako la kijani."

"Kwa nini?"

"Linakupendeza, basi."

Mtu anakuibia mume, kisha anakuchagulia gauni. Nikajiambia, huyu mtoto ana moyo wa chuma cha reli, na chuma hicho nilikifua mimi.

Nikachukua kalamu. Nikaandika tarehe. Nikatia sahihi. Kalamu ikafika mbele ya neno Ghala, ikasimama. Nilichotakiwa kuandika ni herufi tano tu: ndiyo.

Sikuandika.

Nisiwadanganye kwamba nilighafilika. Nilijua. Nilitaka Jumatano, mashine zake zikiwashwa kwenye chumba cha majaribio mbele ya wakubwa, zichape upuuzi kidogo, aone haya, kisha ghorofa nzima ishuke Makumbusho kunipigia magoti. Aibu tu. Nilidhani aibu haimuui mtu.

Kitinda akaigeuza fomu, akaisoma.

"Ghala umeacha wazi."

"Naona."

"Kwa hiyo ni hapana?"

"Fomu zetu zinasomwaje?"

"Nakuuliza wewe, dada. Sina mwingine wa kumuuliza."

"Na mimi nimeshakujibu. Au kiongozi anataka nimshike mkono tena?"

Akanitazama kidogo. Kisha akaikunja fomu, akaondoka polepole, na mlangoni akasahau hata kumuaga Miwani.

"Mama Ghala," Miwani akasema bila kuinua kichwa, "hilo lilikuwa jibu gani?"

"La swali lake."

"Haya. Mimi ni fuvu tu."

*

Jumatano nikavaa sketi ya kijivu, ile ya msibani.

Saa nne tukaitwa wote ghorofa ya juu. Hakukuwa na mashine hata moja ya majaribio. Kulikuwa na skrini kubwa ukutani, viti vimepangwa, na Mkurugenzi amesimama mbele, koti limefungwa vifungo vyote.

"Leo saa moja asubuhi," akasema, "kompyuta zetu za chipu mpya zimeanza kazi kwa mteja wa kwanza. Si majaribio ya humu ndani. Kazi ya kweli. Kiongozi wa uhamaji atawaeleza."

Kitinda akasimama. Anatafuta kitu kwa macho. Akanipata.

"Tulitakiwa kuchagua programu moja ya zamani ya kuonyesha kwamba mkalimani anafanya kazi," akasema. "Wengine walitaka programu nyepesi. Mimi nikasema hapana, tuchukue iliyo nzito kuliko zote. Mwezi ujao Makumbusho, samahani, kitengo cha programu za zamani, kilikuwa kifungwe. Nimewaomba wakubwa waone kwanza kazi ya dada yangu ikikimbia kwenye chipu mpya, ndipo waamue. Nikamwomba mteja mmoja anisaidie, na aitunze siri mpaka leo."

Skrini ikawaka.

Ilikuwa maabara ya hospitali. Mume wangu amesimama katikati na koti lake jeupe, kulia na kushoto kwake kompyuta mpya, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Mke wangu, unaniona?" akasema. "Tangu saa moja Ghala yako imeshachapa lebo za mifuko sitini na moja ya damu. Inapaa."

Ukumbi ukapiga makofi. Mtu mmoja akanigonga begani. Miwani peke yake hakupiga, alikuwa ananitazama.

Mifuko sitini na moja. Kila lebo ina kundi la damu la mtu. Karani anaandika kundi, anagonga kengele, mwenzake anachapa.

Na Ghala pale ilikuwa inakimbia bila kizuizi hata kimoja.

Nikatoka ukumbini, nikampigia mume wangu. Nilimwona kwenye skrini kupitia mlango wa kioo, anatoa simu mfukoni, anasogea pembeni.

"Zima hizo mashine," nikamwambia.

"Nini?"

"Zizime. Zina kosa. Lebo zinaweza kutoka na kundi la mfuko mwingine."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema."

Akasogea mbali zaidi na wenzake. Kisha akashusha sauti, na sauti ya mume ikishuka hivyo ni afadhali angefoka.

"Wiki hii yote unanitafuta kwa maneno. Miezi miwili shemeji kahangaika ili chumba chenu kisifungwe. Leo ndiyo siku yake, na wewe unataka niizime mbele ya watu wote? Wivu wako umefika mpaka maabara?"

"Damu itakwenda kwa mtu siye."

"Ghala si yako? Mwaka wa saba tunaitumia. Haijakosea hata herufi." Akavuta pumzi. "Nenda kapige makofi, mke wangu. Nakuomba."

Akakata.

Nikabaki na simu sikioni. Siku niliyotakiwa kusema niliacha nafasi tupu, na siku niliyohitaji kuaminiwa, imani yote nilikuwa nimeshaitumia. Hakuna aliyeniroga. Nilijiroga mwenyewe, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nikarudi ndani, nikamshika Kitinda mkono wa blauzi, nikamvuta mpaka nyuma ya mtungi wa maji ya kunywa.

"Ghala inahitaji vizuizi."

Tabasamu lilikuwa bado usoni kwake, limesahau kuondoka.

"Ulisahau kuandika?" akauliza.

Alinifungulia mlango. Ningeweza kupita. Neno moja, tungesaidiana kulibeba, na ninyi leo msingekuwa na cha kusoma.

"Sikusahau," nikasema.

Hakuuliza la pili. Uso wake ulijikunja kama alipokuwa na miaka sita na kuungua kwa pasi. Kisha ukakunjuka, akatoa simu.

"Shem, zima. Zote, sasa hivi. Andikeni kwa mkono. Kila mfuko uliopata lebo leo upimwe upya, mkianza na iliyokwisha kutoka."

Kwenye skrini nikamwona mume wangu anageuka na kuzima. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuuliza kwa nini.

Niliahidi katika safu hii kusema yote, basi na hili nalisema. Roho ya mtu ilikuwa hatarini, na kitu cha kwanza kilichonichoma ni kwamba mimi nilimsihi akanikatia simu, yeye alisema neno moja akatii.

*

Dakika ishirini na tano. Tulikaa wawili kwenye ngazi za dharura, yeye ngazi ya juu, mimi ya chini yake. Simu yake ilikuwa magotini.

Ilipolia akaiweka sauti ya nje.

"Mifuko hamsini na nane ilikuwa bado kwenye jokofu," mume wangu akasema, anahema. "Yote sawa. Mitatu ilishapanda wodini. Miwili sawa." Akashusha sauti. "Wa tatu nimeukuta umetundikwa. Muuguzi alikuwa ameshika kifungulio cha mpira wa kupitishia damu. Nimeupima hapohapo kitandani. Lebo ina kundi la mfuko uliotangulia, Shem. Ingemuua yule mama. Ana wanawe wawili pale mlangoni, wamenishukuru, hawajui wananishukuru nini."

Kitinda akafunika macho kwa kiganja.

"Mke wangu yuko hapo?" mume wangu akauliza.

"Yupo."

"Mwambie..." Nikangoja. Nilingoja matusi, nilingoja msamaha, chochote. "Basi," akasema. "Usimwambie kitu."

Kitinda akasimama, akajikung'uta sketi.

"Twende. Mkurugenzi anatungoja."

"Utasema nini?"

"Wewe njoo tu, dada."

*

Makofi yalikuwa yameshasahaulika ukumbini. Skrini nyeusi. Mkurugenzi amefungua vifungo vyote vya koti.

"Ni kosa la nani?" akauliza.

Nilitaka kusimama. Kabla sijainuka, mdogo wangu alikuwa ameshasimama.

"Langu," akasema. "Kwenye fomu, nafasi ya Ghala ilikuwa tupu. Nikaisoma kama tunavyosoma fomu zote. Programu nzito kama ile ilinipasa kumuuliza mwenyewe kwanza. Sikumuuliza."

Pembeni yangu Miwani akavua miwani yake, akaanza kuifuta kwa shati. Aliifuta muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

Mkurugenzi akatembea mpaka dirishani na kurudi.

"Niwe wazi, ili pasiwe na minong'ono," akasema. "Anayeongoza uhamaji asipouliza swali kama hilo, hawezi kuuongoza. Nitamwondoa leo, katika uongozi na katika kampuni. Kazi itakwenda kwa mtu anayezijua chipu zote mbili kwa tabia zake, na mtu huyo ni mmoja tu humu." Akanigeukia. "Lakini haki ya mtu haiamuliwi kwa maneno yake peke yake. Mama Ghala, nakuuliza mbele ya wote. Alikuuliza, au hakukuuliza?"

Kitinda akanitazama. Akatikisa kichwa taratibu, kwa namna ile ya kumkataza mtu. Yaani, pokea, dada. Pokea.

Mnataka kujua nilichokihisi? Si huruma, hiyo ilikuja baadaye ikiwa imechelewa. Nilimwonea kijicho. Amesimama pale mbele ya watu wazima arobaini, mgongo umenyooka, amevaa kosa langu, na limempendeza. Hata ubaya wangu ulipofika kwake ulikuwa wema. Kiti nilichokilalia macho miezi mitano kilikuwa mbele yangu kitupu, na aliyenisogezea ni yeye, kwa mkono wake, kama nilivyokuwa namsogezea sahani mezani akiwa hawezi kuifikia.

Nikasimama.

"Mkurugenzi," nikasema, "Jumatatu saa nne Kitinda alishuka kwetu na fomu."

Miwani akaacha kufuta. Mdogo wangu akafumba macho.

Na mimi, mwenye maneno kuliko wote katika jengo lile, nikagundua kwamba sentensi niliyoianza ina miisho miwili, aliniuliza na hakuniuliza, na yote miwili iko tayari mdomoni.